Hesabu za mafumbo: jinsi ya kutoka kwenye maneno hadi kwenye mlinganyo

Jumamosi nilikaa na mpwa wangu wa darasa la saba tangu chai ya asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, kisa swali moja la mistari miwili. Kutafuta x anakujua vizuri tu. Kinachomshinda ni kuipata hiyo x kutoka kwenye maneno. Swali lenyewe hili hapa:

"Mfugaji ana kuku na bata. Kwa kila bata mmoja ana kuku wanne. Wote kwa jumla ni 45. Kuku ni wangapi?"

Hatua ya 1. Soma mara mbili, penseli ikiwa chini. Pigia mstari kinachoulizwa.

Hatua ya 2. Namba usiyoijua ipe herufi, na uandike sentensi nzima daftarini: "x ni idadi ya bata." Usiandike "x ni bata". Kuna wanaofundisha kutumia herufi ya kwanza ya jina, k kwa kuku na b kwa bata. Mimi siipendi hata kidogo, kwa sababu mtoto akiona 4k anasoma "kuku wanne", wakati maana yake ni idadi ya kuku mara 4. Kilicho kichache ndicho kiwe x, usije ukaanza kuhangaika na sehemu kama robo ya x.

Hatua ya 3. Geuza sentensi moja moja. Hapa ndipo asubuhi yetu ilipoishia.

Mpwa wangu aliandika b = 4k. Ukimuuliza, anakuonyesha kwa kidole: bata mmoja huyu, kuku wanne hawa. Amefuata maneno yalivyopangwa, neno kwa neno, na bado amekosa. Nilimweleza mara tatu, hakuelewa. Kilichomfungua ni kujaribu kwa namba. Nikamwambia, "Tuseme bata ni 2. Kuku ni wangapi?" Akajibu 8, bila kufikiri. "Haya, ziweke kwenye mlinganyo wako." Akaandika 2 = 4 × 8, akaitazama, akacheka: "Mjomba, hapa bata ndio wamekuwa wengi!" Akafuta. Idadi ya bata ikiwa x, kuku ni 4x. Tangu hapo sikubali mlinganyo wowote ambao haujajaribiwa kwa namba ndogo za kubuni.

Jaribio hilohilo litakuokoa kwenye maneno mengine ya mtego. "Toa 5 kwenye x" ni x − 5, ingawa masikio yamesikia 5 kwanza. "Unga ni pungufu ya mchele kwa shilingi 800": mchele ukiwa x, unga ni x − 800. Na mabano! Chukua hili: "Mama alitoa noti ya 10,000, akanunua sukari kilo 2 na sabuni ya 1,500, akarudishiwa 2,500. Kilo ya sukari ni shilingi ngapi?" Bei ya kilo moja iwe x. Wengi huandika 10,000 − 2x + 1,500 = 2,500, wanapata sukari kilo shilingi 4,500. Sabuni imegeuka zawadi, inamwongezea mama pesa! Inatakiwa 10,000 − (2x + 1,500) = 2,500, na kilo ni 3,000. Mimi mabano nayakwepa kabisa: vyote vilivyonunuliwa ukijumlisha na chenji ni sawa na pesa iliyotolewa. Yaani 2x + 1,500 + 2,500 = 10,000. Hivyo ndivyo hata muuza duka anavyohesabu.

Mafumbo ya umri yana kasoro yake: miaka ikipita, wote wawili wanazeeka. Baba ana miaka 36, mtoto 8. Baada ya miaka mingapi baba atakuwa na umri mara mbili ya mtoto? Ni 36 + x = 2(8 + x), si 36 + x = 2 × 8. Jibu ni miaka 20.

Hatua ya 4. Turudi kwa bata na kuku wetu: x + 4x = 45. Tafuta x.

Hatua ya 5. Rudi kwenye ule mstari uliopiga mwanzoni. Mpwa wangu alipata 9, akaizungushia duara, tayari keshavaa ndala anaelekea mpirani. Nikamrudisha mlangoni: hao 9 ni bata. Akaandika 36 akiwa amesimama.