Planshi tano kwanza: kuanza bustani ya mboga Lubumbashi

Kabla ya kuuliza bei ya kiwanja, hesabu maji. Planshi (tuta pana la kupandia) moja ya mboga za majani, upana mita 1 na urefu mita 10, inataka lita 50 hivi kwa siku wakati wa kiangazi, yaani makopo matano ya lita 10. Jua la Septemba na Oktoba likikaza, yanafika saba. Ukiwa na planshi kumi na kisima kiko mita 30, utabeba makopo mawili mara 25 kila siku: kilomita moja na nusu ya kwenda na kurudi, nusu yake ukiwa na kilo 20 mikononi. Wengi wanaoacha bustani hawashindwi na wadudu. Wanachoka kubeba, wanaruka siku moja, mboga zinakomaa mapema na kutoa maua, na mnunuzi anapita bila kusimama. Kwa hiyo anza na planshi tano kwa mtu mmoja.

Kiwanja cha dembo, yaani bonde lenye majimaji, ndicho bora kwa kiangazi kwa sababu maji yako karibu. Lakini chimba kisima mwishoni mwa Septemba, maji yakiwa yameshuka sana. Kisima kilichochimbwa Mei, udongo ukiwa bado umeloa, kinadanganya: kitakauka katikati ya msimu. Kumbuka pia kwamba dembo hilohilo hujaa maji mwezi wa Januari. Atakayelima mwaka mzima anahitaji kipande cha pili juu kidogo.

Jambo jingine ni la mji huu wenyewe. Kuyeyusha shaba kwa miaka mingi kuliacha metali kwenye udongo, hasa upande ambao upepo ulipeleka moshi wa bomba kuu la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na mito inayopita karibu na viwanda nayo hubeba. Mboga za majani huvuta kadmiamu, metali yenye sumu, kupitia mizizi, na kuosha kunaondoa vumbi la juu tu. Ukiona sehemu ambayo nyasi hazimei, pamejaa kijimmea chenye maua ya zambarau kinachoota peke yake, huenda shaba iko pale, tafuta kwingine. Mahali pasipo na uhakika, peleka udongo kupimwa kabla ya kulipa kodi ya mwaka.

Udongo wetu mwekundu mara nyingi una asidi. Tawanya chokaa ya kilimo, kilo 2 kwa planshi, ichanganye na udongo wa juu, sentimita 15, kisha ngoja wiki tatu ndipo uweke samadi. Ukivitia pamoja, chokaa inafukuza naitrojeni ya samadi hewani. Ile harufu kali puani ni mbolea yako inayoondoka. Chokaa ya ujenzi ni kali zaidi: punguza kipimo na linda macho.

Samadi ya kuku ni nzuri na ni hatari. Ikiwa mbichi inaunguza mizizi: majani yanakauka pembeni ndani ya siku chache, na anayeanza anadhani ni kiu, anaongeza maji. Irundike, iloweshe, igeuze kila wiki kwa miezi miwili hivi, mpaka rundo lisipate tena joto na harufu ipungue. Kilo 20 zinatosha planshi moja. Ya ng'ombe, weka mara mbili yake.

Kiangazi, acha planshi iwe bapa, ukingo umeinuka kidogo ili maji yasikimbie. Mvua zikianza, inua udongo sentimita 20 au 30, la sivyo mizizi itaoza.

Zao la kwanza liwe lengalenga (mchicha). Mbegu zake ni ndogo mno; changanya kijiko kimoja na vijiko kumi vya mchanga mkavu, panda kwa mistari, funika kwa udongo usiozidi nusu sentimita. Tandika nyasi kavu, na uziondoe jioni ileile unapoona miche inachomoza; zikichelewa, shina linarefuka na kulala. Mchwa nao wanazipenda nyasi hizo. Baada ya wiki nne hivi unaweza kung'oa, au kukata sentimita 10 juu ya ardhi na kuacha ichipue tena. Juni na Julai, baridi ya usiku inaichelewesha; hapo shu ya Kichina (kabichi ya Kichina) inafanya vizuri zaidi. Ioteshe kitaluni wiki tatu, kisha hamishia sentimita 30 kwa 30, jioni. Matembele (majani ya viazi vitamu) ni rahisi kuliko zote: panda vipande vya shina lake linalotambaa vyenye vifundo vinne, viwili chini ya udongo.

Miche ikikutwa asubuhi imekatwa shingoni, mkosaji hajaenda mbali. Fukua sentimita 3 kuzunguka shina, utamkuta kiwavi wa kijivu amejikunja. Vidukari hukaa chini ya jani, kwa hiyo ukinyunyiza maji ya sabuni juu tu umepoteza sabuni. Gramu 50 za sabuni kwenye lita 10 za maji, jioni, upande wa chini. Ukitumia dawa ya dukani, soma siku za kungoja kabla ya kuvuna. Lengalenga inayovunwa kila wiki haina nafasi ya siku hizo.

Na tomati? Zinavutia, maana bei yake inapanda sana. Lakini mvua zikishika, ugonjwa wa ukungu unaweza kumaliza planshi nzima ndani ya wiki moja, na gharama ya vijiti na dawa umeshailipa. Ziache mpaka mwaka wa pili. Mche ukinyauka ghafla ukiwa bado kijani, kata shina na ulitumbukize katika glasi ya maji safi: uzi mweupe kama maziwa ukishuka, ni bakteria wa udongoni. Hapo usirudishe tomati, pilipili, biringanya wala viazi mviringo kwa miaka kadhaa.

Malipo ya kazi huonekana mapema kuliko shamba la mahindi: franka za kwanza zinaingia ndani ya mwezi, na kufikia mzunguko wa tatu udongo umeanza kuwa mweusi zaidi, unashika maji vizuri zaidi, kopo moja kwa siku linapungua. Lakini panda kwa zamu, planshi moja kila wiki. Zote tano zikikomaa pamoja, mama wa soko ataona huna pa kuzipeleka na atataja bei yake. Wengi wao hununua planshi nzima ikiwa bado ardhini na kuvuna wenyewe kidogokidogo. Mkubaliane kabla ya kupokea pesa: atamaliza kuvuna siku gani, nani anamwagilia mpaka siku hiyo, na mabaki ya mizizi yanabaki kwa nani.