Namna ya kupima ubora wa mkusanyiko wa hadithi za taharuki wenye waandishi wengi

Wenzangu wa kundi letu la usomaji hapa Tanga wameniomba niandike kwa utaratibu jinsi ninavyopima mkusanyiko wa hadithi fupi za taharuki, kwa kuwa mwezi uliopita tulikalia mswada wenye hadithi 14 za waandishi 11, tukabishana hadi adhana ya magharibi, na tukaondoka bila kuafikiana. Sababu ya kutoafikiana ilikuwa nyepesi: kila mtu alipima kitu chake. Mmoja alipima Kiswahili, mwingine alihesabu maiti, na wa tatu alitetea hadithi ya mtu anayemfahamu. Hakuna aliyeupima mkusanyiko wenyewe, yaani kazi ya mhariri aliyechagua hadithi hizo na kuzipanga, ilhali hadithi iliyo nzuri ikisimama peke yake huweza kuharibiwa na jirani aliyewekwa kabla yake.

Hatua ya kwanza: anza katikati. Wahariri wengi hutanguliza hadithi kali, huweka nyingine kali mwishoni, na zile wanazozionea shaka huzificha kati. Kwa hiyo katika mswada wa hadithi 14 mimi husoma kwanza ya sita, ya saba na ya nane, nikiwa nimefunika majina ya waandishi kwa kipande cha karatasi, kisha ndipo ninaporudi mwanzo na kusoma zote kwa mpangilio wake. Jina kubwa lina tabia ya kumsomea msomaji hadithi kabla hajaisoma mwenyewe.

Hatua ya pili: soma kila hadithi kwa mkao mmoja, penseli mkononi. Edgar Allan Poe, mwandishi wa Marekani, aliandika mwaka 1842 kwamba hadithi fupi inapaswa kusomeka kwa kikao kimoja, cha kati ya nusu saa na saa mbili, ili athari yake kwa msomaji isikatike. Mimi naligeuza neno hilo kuwa kipimo. Nikiinuka kwenda kutazama chungu jikoni, naweka alama pembeni mwa mstari nilioishia, na baadaye najiuliza kama niliinuka kwa sababu wali ulikuwa unaungua au kwa sababu hadithi iliniachia. Katika mswada ule niliinuka mara nne ndani ya hadithi moja, na siku hiyo sikuwa nimepika kitu.

Hatua ya tatu: tenganisha taharuki na mshtuko. Tuseme mwanamke amepanda kivuko cha Pangani kuelekea Bweni, amepakata kikapu cha embe, na msomaji ameshaambiwa kwamba chini ya embe kuna kisu, na kwamba mwanamume mwenye kanzu aliyesimama kando ya pikipiki ndiye anayemtafuta. Safari ile ni fupi, lakini msomaji ataiona ndefu. Kila abiria atakayeomba kuuziwa embe atamkaza roho. Sasa ondoa maelezo ya kisu, halafu kitoe ghafla katika aya ya mwisho: msomaji atashtuka, na mshtuko wenyewe utakwisha pamoja na sentensi. Njia zote mbili ni halali, ila mkusanyiko unaojiita wa taharuki haufai kuegemea ile ya pili. Niliandika herufi T au M mbele ya kila hadithi, nikapata T tano na M tisa.

Hatua ya nne ndiyo ninayoiona nzito kuliko zote, nayo ni kuhesabu miisho. Orodhesha hadithi zote kwa mpangilio wake, na mbele ya kila moja andika kwa maneno machache jinsi inavyomalizika. Tulipofanya hivyo tuligundua kwamba hadithi ya tatu, ya nne na ya tano zote zinaishia kwa msimulizi kujulikana kuwa ndiye muuaji. Hiyo ya tano imeandikwa vizuri kuliko zile mbili, tena kwa mbali, lakini mimi nilishaukisia mwisho wake katika ukurasa wa kwanza. Kosa halikuwa la mwandishi, kwa kuwa majirani zake wawili walikuwa wameshanifundisha kumtilia shaka kila anayesema “mimi”. Aliyepaswa kuliona hilo ni mhariri, maana waandishi 11 hawakuketi pamoja, kila mmoja aliandika kwake bila kujua mwenziwe anaandika nini. Mhariri angeitanguliza ile ya tano na kuzitupa zile mbili, au angeziweka mbalimbali na kutia kati yake hadithi isiyo na fumbo lolote, ambayo muuaji wake anajulikana tangu mwanzo na swali lililobaki ni kama atakamatwa.

Hapo hapo pima uadilifu wa mwisho. Ronald Knox, padri wa Uingereza aliyeandika pia hadithi za upelelezi, aliorodhesha kanuni kumi mwaka 1929 katika utangulizi wa mkusanyiko aliouhariri. Miongoni mwake ni kwamba mhalifu atajwe mapema, kwamba dalili anazoziona mpelelezi azione na msomaji, na kwamba pacha asizuke bila msomaji kuandaliwa. Kanuni hizo ziliwekwa kwa ajili ya mafumbo ya upelelezi, kwa hiyo hazibani kila hadithi ya taharuki, lakini ni kipimo kizuri cha kumkamata mwandishi anayedanganya. Knox alikataza pia mambo ya miujiza, na hapa mimi naona tofauti kidogo. Jini aliyeingia hadithini tangu ukurasa wa kwanza, akawa na masharti yake na udhaifu wake, ni mhusika kama wengine. Jini anayeitwa katika aya ya mwisho ili afungue mlango uliomshinda mwandishi hana tofauti na pacha wa kuzuka.

Hatua ya tano: kagua mahali na saa. Hadithi mojawapo iliwekwa Raskazoni, hapa ufukweni Tanga, usiku wa mwezi mpevu, saa nne, na msimulizi anaeleza kwamba maji yalikuwa yamejaa hadi kwenye ngazi, muuaji akaingia katika ngalawa na kutoweka. Lugha yake ilinivutia sana. Lakini mwezi mpevu ni bamvua, yaani siku ambazo maji ya bahari hujaa sana na kupwa sana, na katika pwani yetu hii maji ya bamvua hupwa kwenye saa nne na kujaa kwenye saa kumi, mchana na usiku. Saa nne ile ngalawa ingekuwa imekaa juu ya mchanga, na muuaji angelazimika kuiburura mbele ya kila mwenye macho, kwa kuwa mbalamwezi nayo ilikuwa inawaka. Kama mandhari yangekuwa pambo tu, ningesamehe. Humu ushahidi wote wa mpelelezi unasimama juu ya saa hiyo. Mwandishi angeweza kusogeza tukio hadi saa kumi alfajiri, hadithi ikapona kwa kubadilishwa maneno mawili.

Hatua ya sita haihitaji maneno mengi: majina yakiwa bado yamefunikwa, jaribu kutambua kwa sauti ya uandishi tu kwamba mwandishi amebadilika. Tahajia na alama za uandishi zapaswa kulingana kitabu kizima, lakini waandishi wasisikike kama mtu mmoja. Jalada na karatasi zina nafasi yake, ila si hapa.

Mwishowe sitoi wastani wa alama, kwa sababu wastani huficha. Nasubiri wiki moja, kisha nahesabu hadithi ninazoweza kumsimulia mtu bila kufungua kitabu, na zile ambazo zikiondolewa mkusanyiko utanufaika. Kwa mswada ule nilipata tano na tatu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Makorora: Mwalimu, ni hadithi dhaifu ngapi zinazovumilika?

Jibu: Tazama zilipo kabla ya kuzihesabu. Mbili zilizotengana msomaji huzivuka. Mbili zilizofuatana humfanya afunge kitabu, na huenda asikifungue tena.

Dada wa Pangani: Shikamoo Mwalimu. Mmoja wa waandishi ni mtoto wa kaka yangu, na hata nikifunika jina naitambua hadithi yake. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, dada. Usiipime hiyo, na uwaambie wenzako mapema kwa nini huipimi. Unaweza kushiriki katika hatua ya nne, kwa sababu kuorodhesha miisho hakuhitaji kusifu wala kulaumu.

Mzee wa Ngamiani: Mwanangu, nyingine zimejaa damu tupu. Je, huo si udhaifu?

Jibu: Mzee wangu, damu yenyewe si udhaifu, ila huzoeleka. Maiti wa kwanza katika mswada ule alinisumbua siku mbili. Nilipofika kwa wa kumi na mbili nilikuwa namtafuta tu ukurasani. Kama mhariri angetia mapema hadithi mbili zisizo na kifo, za mtu anayefuatwa au anayetishwa, wale waliosalia wangekuwa na uzito.

Mwanafunzi wa Muheza: Mimi nimekulia bara, sijui habari za bamvua. Kosa kama lile nitalijuaje?

Jibu: Hutalijua, wala hulazimiki. Wewe kagua ile hadithi ya shamba la mkonge, ambayo mimi niliipita bila kuuliza kitu. Hii ya Raskazoni mpelekee mvuvi, umsomee ukurasa ule mmoja tu bila kumdokezea unachokitafuta, kisha umwache aseme mwenyewe.