Mzunguko Mmoja kwa Fimbo Zote: Namna ya Kujipanga na Kupiga kwa Uthabiti Katika Gofu

Kanuni za gofu zinamruhusu mchezaji kubeba fimbo zisizozidi 14 katika raundi moja, na anayeanza kujifunza, akizitazama zote zimejaa mfukoni, hudhani kwamba kila moja ina namna yake ya kuzungushwa. Dhana hiyo ndiyo inayowachelewesha wengi. Tukiiweka kando pata, fimbo ya kusukumia mpira shimoni, ambayo ina kazi yake peke yake, pamoja na mapigo mafupi ya karibu na shimo, fimbo zote zilizobaki huzungushwa kwa namna moja. Kinachobadilika ni jinsi mchezaji anavyosimama kabla ya kupiga, na mabadiliko hayo huamuliwa na fimbo yenyewe, yaani urefu wake na kiasi ambacho uso wake umelala.

Draiva nyingi, yaani fimbo za kupigia mpira mbali zaidi, zina urefu wa inchi 45 hivi, na uso wake umelala kwa nyuzi 9 hadi 12 tu. Aironi namba 7, mojawapo ya fimbo za chuma za masafa ya kati, hukaribia inchi 37, ilhali weji ya mchanga, fimbo fupi ya kuinulia mpira juu, ina inchi 35 hivi na uso uliolala kwa nyuzi 54 hadi 58. Fimbo ndefu humweka mchezaji mbali na mpira, na kwa sababu hiyo kichwa cha fimbo huchora duara lililolala linalopita ubavuni. Fimbo fupi humleta karibu, na duara lake husimama zaidi. Mchezaji hana sababu ya kulaza au kusimamisha duara hilo kwa nguvu za mikono, kwa kuwa akiinama ipasavyo, urefu wa fimbo utaifanya kazi hiyo bila msaada wake.

Maelezo yafuatayo ni ya anayepiga kutoka upande wa kulia. Anayepiga kutoka upande wa kushoto ageuze pande.

Anza na uso wa fimbo, si miguu. Weka kichwa cha fimbo nyuma ya mpira, uelekeze uso wake kwenye shabaha, kisha ndipo upange miguu, nyonga na mabega sambamba na mstari unaoelekea huko. Wanaotangulia kusimama na kuusogeza uso wa fimbo baadaye huishia kulenga mahali wasipopakusudia, kisha huulaumu mzunguko ambao haukuwa na kosa. Inama kutoka kwenye nyonga, mgongo ukiwa umenyooka na magoti yamelegezwa kidogo, na uache mikono ining'inie yenyewe chini ya mabega. Kati ya mwisho wa kishikio na mapaja pawe na nafasi ya kutosha ngumi moja kwa aironi, na kubwa kidogo kwa draiva. Kitako cha kichwa cha fimbo kikae chini karibu sawasawa, ncha yake ikiinuka kiasi cha sarafu kupita. Ncha ikiinuka sana, ama mikono imeshuka mno ama umesimama mbali na mpira.

Namna ya kushika fimbo isibadilike hata kidogo. Mchezaji anayeshika draiva kwa nguvu kuliko weji, kwa kutaka mpira uende mbali, hukaza mikono hadi mabegani na kujinyima mwendo ule ule anaoutafuta.

Mahali pa mpira ndipo panapohitaji uangalifu kuliko jambo lingine lolote. Katika mzunguko mzuri, kichwa cha fimbo hufika chini kabisa karibu na usawa wa bega la kushoto. Mpira ulio juu ya nyasi unapaswa kupigwa kabla kichwa hakijafika hapo, kikiwa bado kinashuka, ili mpira uguswe kwanza na nyasi zifuate. Mpira wa draiva, ulioinuliwa juu ya tii, yaani kijiti cha kuwekea mpira, hupigwa vizuri zaidi kichwa kinapoanza kupanda. Kwa hiyo weka mpira wa weji katikati ya miguu, wa aironi namba 7 mbele kidogo ya katikati, wa aironi ndefu na haibridi (fimbo inayochanganya sifa za aironi na za fimbo ndefu za mbao) mbele zaidi, na wa draiva usawa wa ndani ya kisigino cha kushoto. Tofauti kati ya fimbo moja na inayofuata ni ndogo, pengine upana wa nusu ya mpira, na wengi huikuza kupita kiasi. Ben Hogan, bingwa wa gofu wa Marekani, alifundisha njia nyingine: mpira ubaki karibu mahali pale pale kutoka kisigino cha kushoto, na mguu wa kulia ndio usogee, ukipanua msimamo kwa fimbo ndefu na kuubana kwa fimbo fupi. Kwa maoni yangu, njia hiyo inamfaa anayesahausahau, kwani ana jambo moja tu la kukumbuka.

Kwa draiva, zaidi ya kupanua msimamo, inamisha mabega kidogo ili la kulia liwe chini ya la kushoto, na uache uzito uegemee mguu wa kulia kwa kiasi kidogo. Tii iwe na urefu wa kuuacha nusu ya mpira juu ya ukingo wa kichwa cha draiva. Kwa aironi, gawa uzito sawa kwa miguu yote miwili, mikono ikiwa mbele ya mpira kidogo.

Ukishajipanga hivyo, usibadilishe mwendo. Kwa wachezaji wazuri, kupandisha fimbo huchukua takriban mara tatu ya muda wa kuishusha hadi kwenye mpira, na uwiano huo hubaki ule ule kwa weji na kwa draiva. Maliza kila pigo ukiwa umesimama imara juu ya mguu wa kushoto, kitovu kikitazama shabaha. Ukiyumba, ulipiga kwa nguvu kuliko mwili unavyoweza kuhimili.

Ili kujikagua, chora mstari wa chokaa juu ya nyasi za uwanja wa mazoezi, usimame mstari huo ukiwa mahali pa mpira, kisha zungusha aironi bila mpira wowote. Tazama nyasi zinakong'okea. Alama ikianzia kwenye mstari au mbele yake, upande wa shabaha, mwendo ni mzuri. Ikianzia nyuma, uzito wako umebaki mguu wa kulia, na kuusogeza mpira nyuma kutaficha kosa hilo bila kuliondoa. Alama zikitulia mahali pamoja, weka mipira na ubadilishe fimbo kila pigo: weji, kisha draiva, kisha aironi namba 7, ukirudi nyuma ya mpira kila mara na kujipanga upya kuanzia uso wa fimbo.