Pima spiriti kwenye petroli kabla hujachanganya oili

Mimi ni fundi wa mashine za boti hapa Matema, kando ya Ziwa Nyasa. Mvuvi mmoja mtu mzima aliniletea mashine yake, ile ya petroli ya kuchanganya na oili, pistoni imekwama na silinda imechubuka mistari. "Oili niliweka, mwanangu," akaniambia, na alisema kweli. Nilimimina mafuta ya tangi lake kwenye chupa ya kioo. Juu palikuwa na petroli yenye rangi ya oili, chini maji meupe kabisa. Mpira wa kuvutia mafuta hukaa chini ya tangi, kwa hiyo mashine ilikunywa yale meupe.

Upande wa Malawi petroli imekuwa ikichanganywa na ethanoli, yaani spiriti ya molasi ya miwa, tangu 1982. Si mafuta mabaya. Ila ethanoli inapenda maji kuliko inavyopenda petroli. Petroli yenye ethanoli asilimia 10 hubeba maji kama mililita 5 kwa lita, kijiko kimoja cha chai. Yakizidi hapo, ethanoli huyafuata maji chini na kuiacha oili juu na petroli.

Kupima ni rahisi. Nunua silinda ya kupimia ya mililita 100 kwenye duka la vifaa vya maabara. Yeyusha gramu 100 za chumvi katika maji, kisha ongeza maji hadi itimie lita moja. Fanya kazi nje, mbali na jiko na sigara, kwani mwali wa spiriti mchana hauonekani vizuri. Tia petroli mililita 50 ambayo bado haijatiwa oili, ongeza maji ya chumvi hadi 100, ziba, kisha pindua juu chini polepole mara kumi. Usitikise kwa nguvu. Simamisha, subiri dakika 10, usome mstari wa maji. Ukibaki 50, hakuna ethanoli. Ukipanda, zidisha mililita zilizoongezeka kwa 2, ujumlishe 1. Mstari ukifika 57, zimeongezeka 7, basi ni asilimia 15. Wabrazili hupima hivyo hivyo, na wao wameishi na spiriti kwenye petroli muda mrefu.

Sasa kwa nini namba hiyo inamhusu fundi? Petroli ni kaboni na haidrojeni, oksijeni yote inaitoa hewani: kilo moja inahitaji hewa kama kilo 14.7. Ethanoli inakuja na oksijeni yake ndani, karibu asilimia 35 ya uzito, hivyo hewa ya kilo 9 inaitosha. Jeti ya kabureta, yaani kitundu kinachopima mafuta, haijui hilo. Inapitisha mafuta kiasi kilekile, hewa inabaki ya ziada, na mchanganyiko unakuwa mwepesi. Plagi inageuka nyeupe badala ya kahawia, na mashine inachemka ikibeba mzigo. Nguvu nayo hupungua kidogo, maana lita ya ethanoli ina joto kama theluthi mbili tu ya lita ya petroli. Faida yake ni oktani: ethanoli inavuka 100, hivyo mafuta hayalipuki kabla ya wakati na mashine haigongi.

Jibu likiwa chini ya 5 sigusi kitu. Likiwa 10 hadi 15, kwenye boti naweka jeti kuu ya namba inayofuata kwa ukubwa. Kwenye pikipiki nashusha kilipu ya sindano ya kabureta mfereji mmoja, sindano inapanda na mafuta yanaongezeka. Kisha nakimbiza mashine na mzigo na kufungua plagi niitazame.

Plagi usiiache hata kipimo kikikuambia 50, kwa sababu etha, kemikali nyingine zenye oksijeni zinazochanganywa na petroli, hazionekani kwa kipimo hiki cha maji. Mojawapo, MTBE, ina oksijeni asilimia 18, nayo huufanya mchanganyiko kuwa mwepesi, lakini karibu yote hubaki juu na petroli. Kiasi kidogo kinachoyeyuka majini kinatosha kuharibu kisima, na California iliipiga marufuku kwa sababu hiyo. Nawaomba, ndugu zangu, msimwage mabaki ya kipimo ufukweni.

Tangi likishajitenga, usilikoroge ukidhani litarudi kama mwanzo. Toa mafuta yote na ulikaushe. Hata petroli ya juu usiitie kwenye mashine: ethanoli imeshaikimbia, na oktani imeshuka nayo.