Jinsi ya kuingia kwenye muziki wa zamani wa Marekani bila kupotea njiani

Watu wengi wakitaka kujua bluzi, jazi na kantri zimetokea wapi wanaanza na ule mchoro wa mti wenye matawi, hii ikazaa ile, ile ikazaa nyingine, wanakariri majina alafu baada ya wiki yote yameshatoka kichwani. Mi nilianza hivohivo na nilipoteza muda mwingi sana. Nilichokuja kugundua ni kwamba majina mengi ya mitindo yaliwekwa na wauzaji, ni rafu za dukani tu, ila ukifuata sikio lako na ukafuata watu wenyewe, nani alipiga na nani, wapi, mwaka gani, historia inakaa yenyewe. Kwa hiyo hapa naelekeza namna ya kusikiliza.

Kabla ya yote zoesha sikio, maana hapa ndo wengi wanakata tamaa, wanaweka rekodi ya 1917 wanasikia mkwaruzo kama mafuta yanachemka na sauti kama inatoka chini ya ndoo, wanazima. Kabla ya 1925 kurekodi kulikuwa hakuna umeme, mwimbaji anasimama mbele ya bomba kubwa lenye mdomo mpana na nguvu ya sauti yake ndo inasukuma sindano ichore kwenye nta. Ngoma kubwa na besi zilikuwa taabu kuzinasa kwa njia hiyo, kwa hiyo usiposikia ngoma usidhani bendi haikuwa nayo. 1925 maikrofoni zikaingia na tofauti unaisikia hata kama sio mtaalamu. Basi anza na rekodi za 1926 mpaka 1930, vaa hedfoni, punguza zile sauti kali za juu, ukishazoea ndo urudi nyuma. Na kumbuka upande mmoja wa santuri ya inchi 10 ulibeba kama dakika 3 tu, nyimbo nyingi unazosikia ni fupi kwa sababu sahani imeisha.

Alafu jifunze kuhesabu hadi 12. Tafuta "Back Water Blues" ya Bessie Smith ya Februari 1927, kwenye piano yupo James P. Johnson, wako wawili tu kwa hiyo hakuna cha kukuchanganya. Hesabu moja mbili tatu nne, hiyo ni moja, rudia, hiyo ni mbili, utaona zikifika 12 wimbo unaanza upya. Ndani ya hizo 12 kuna mistari mitatu, anaimba wa kwanza, anaurudia uleule, alafu wa tatu unajibu, na kila akinyamaza piano inamwitikia. Sikiliza mara tatu, ya kwanza fuata sauti yake tu, ya pili fuata mkono wa kushoto wa Johnson unavyonguruma kule chini kama maji yanakuja, ya tatu ndo uhesabu. Wimbo unahusu mafuriko, na wengi wanauunganisha na yale mafuriko makubwa ya mto Mississippi ya 1927, ila angalia tarehe, ulirekodiwa kabla hayajatokea! Tabia hii ya kuangalia tarehe itakusaidia sana mbele huko.

Ukishaweza kuhesabu hamia "St. Louis Blues", Bessie huyohuyo Januari 1925 akiwa na Louis Armstrong kwenye koneti, yaani tarumbeta fupi, na hapa usishtuke hesabu ikikataa katikati, sio wewe uliyekosea. W.C. Handy aliyeutunga na kuuchapisha 1914 aliweka kipande cha hesabu 16 chenye mwendo wa dansi ya tango katikati ya bluzi. Handy alisimulia kwamba karibu 1903, kwenye stesheni ya treni ya Tutwiler huko Mississippi, alimkuta mtu anapiga gita huku anateleza kisu juu ya nyuzi na anaimba mstari mmoja kwa kuurudia, akashangaa. Sasa fikiria, mtu yule jina lake hatunalo, na bluzi ya kwanza kuimbwa na mwanamke mweusi kwenye santuri, "Crazy Blues" ya Mamie Smith, imekuja Agosti 1920. Kati ya yule wa stesheni na Mamie ni miaka kama 17.

Hii ndo kanuni ninayoomba uishike kuliko zote: tarehe ya rekodi sio tarehe ya kuzaliwa kwa mtindo. Rekodi inakuambia siku ambayo kampuni iliamua kununua nta, basi. Santuri ya kwanza ya jazi ilirekodiwa Februari 1917 New York na Original Dixieland Jass Band, wazungu watano kutoka New Orleans, na ukisoma harakaharaka utadhani wao ndo walianzisha. Wakati huo Buddy Bolden, mpiga koneti mweusi ambaye wanamuziki wengi wa New Orleans walimtaja kama baba yao, alikuwa ameshafungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili tangu 1907, na hakuna hata sekunde moja ya sauti yake iliyobaki. Hii inaniumiza kila nikiifikiria. Kwa hiyo baada ya hiyo ya 1917 nenda moja kwa moja kwenye rekodi za bendi ya King Oliver, 1923, zilizorekodiwa Richmond, Indiana, ndani yake yupo Armstrong kijana, usikie jinsi koneti, klarineti na tromboni zinavyosuka kwa pamoja bila kugongana. Ukimaliza hapo weka "West End Blues" ya 1928, zile sekunde za mwanzo Armstrong yupo peke yake, usifanye kitu kingine wakati unasikiliza.

Kuhusu ragtaimu kuna zoezi moja ambalo ni bora kuliko maelezo yoyote. Scott Joplin alichapisha "Maple Leaf Rag" 1899 kule Sedalia, Missouri, kwa mkataba wa senti moja kwa kila nakala, maana enzi hizo biashara ilikuwa karatasi za noti za muziki watu wakapige piano nyumbani. 1916, mwaka mmoja kabla hajafa, aliupiga kwenye roli za karatasi za piano zinazojiendesha, kwa hiyo upigaji wake unaweza kuusikia. Weka rekodi yake, gonga mguu na mkono wa kushoto unaokwenda sawa kama askari, alafu sikia mkono wa kulia unavyotua pembeni ya pigo, huko kutua pembeni ndo ragtaimu yenyewe. Sasa tafuta mpiga piano Jelly Roll Morton 1938, alikaa kwenye piano ndani ya Library of Congress, maktaba ya taifa pale Washington, akamweleza Alan Lomax, mkusanyaji wa nyimbo, historia, na akaupiga wimbo huohuo mara mbili, kwanza kwa mtindo wa Missouri alafu kwa mtindo wake wa New Orleans. Utasikia ragtaimu inageuka jazi mikononi mwa mtu mmoja. Mi niliporudia hiyo kitu mara ya tano nikafuta ule mchoro wa mti kabisa.

Ukirudi nyuma zaidi utakutana na maonyesho ya minstreli, kuanzia miaka ya 1830 na 1840, wazungu wanajipaka nyuso weusi kwa kizibo kilichochomwa na kuwaigiza watumwa ili watu wacheke. Ni matusi, lakini usiruke, maana huko ndo banjo, chombo kilichokuja na ujuzi wa Waafrika, kiliingia kwenye kumbi za wazungu, na huko ndo biashara ya muziki wa Marekani ilijijenga. Soma kuhusu hayo, alafu kwa kujisafisha masikio sikiliza Fisk Jubilee Singers, wanafunzi wa chuo cha Fisk, Nashville, walioanza ziara 1871 kukiokoa chuo chao kisifilisike, wakaimba zile nyimbo za dini za watumwa kwa heshima yake. Kuna rekodi za kundi lao la watu wanne za 1909.

Sasa zile rafu. Baada ya "Crazy Blues" kuuzwa sana, kampuni zikaona weusi wananunua, wakatengeneza orodha zao pembeni wakiita rekodi za "race", na za wazungu wa mashambani wakaziita "hillbilly". Ralph Peer, msaka vipaji wa kurekodi, alikuwa pande zote mbili, alifanya kazi kampuni ya Okeh iliyotoa "Crazy Blues", 1923 akamrekodi mpiga fidla Fiddlin' John Carson Atlanta, na 1927 kule Bristol, Tennessee, ndani ya wiki moja akawanasa kundi la Carter Family na mwimbaji Jimmie Rodgers, ambao leo wanahesabiwa kantri. Ila watu wenyewe walikuwa hawakai kwenye rafu. A.P. Carter wa hilo kundi alizunguka kukusanya nyimbo na Lesley Riddle, mpiga gita mweusi. Kwenye redio ya Nashville, kipindi kilichokuja kuitwa Grand Ole Opry, mmoja wa nyota wa mwanzo alikuwa DeFord Bailey, mweusi, na hamonika yake inaiga treni mpaka unageuka kuangalia. Na Thomas Dorsey, baba wa gospo, muziki wa injili, ndo yuleyule aliyekuwa anampigia piano mwimbaji Ma Rainey kwenye bluzi.

Kuzipata rekodi hizi sio shida wala hela. Library of Congress wana National Jukebox mtandaoni, maelfu ya santuri za enzi ya bomba, bure. Sheria ya Marekani iliachia rekodi zote za kabla ya 1923 zitoke kwenye hakimiliki tarehe 1 Januari 2022, za 1923 zikafunguka 2024, za 1924 zikafunguka 2025, kwa hiyo kuzisambaza ni halali kule. Ukitafuta andika jina la msanii pamoja na mwaka, maana wengi walirudia nyimbo zao miaka ya baadae na utaletewa toleo la 1950 ukidhani ndo lenyewe.

Jaribio la mwisho fanya na rafiki. Mwekee "Blue Yodel No. 9" ya Jimmie Rodgers, Julai 1930, usimwambie chochote, mwulize tu hii ni kantri, bluzi au jazi. Muache ahesabu, zitakaribia 12. Muache asikie Rodgers anavyopandisha sauti na kuivunja. Alafu ndo umwambie ile tarumbeta ni Louis Armstrong na piano ni Lil Hardin mke wake, na kwamba kwenye lebo ya santuri jina la Armstrong halikuandikwa.