Kadi ya baba iko wapi? Pepopunda na maandalizi ya msimu wa kulima

Muulize mama yeyote wa Ilula au Uyole, huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, kadi yake ya kliniki, ataingia ndani na kutoka nayo kwenye mfuko wa nailoni. Muulize mumewe ya kwake, atacheka. Mbegu tumenunua, mbolea tumeiwahi kabla bei haijapanda, jembe limetiwa mpini mpya. Mwili utakaolishika jembe hilo tumeuacha hivyo hivyo, bila chanjo ya pepopunda.

Wanawake hupewa sindano ya pepopunda wakiwa wajawazito, na hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya Tanzania ithibitishwe mwaka 2012 kuwa imetokomeza pepopunda ya uzazi na ya watoto wachanga kama tatizo la afya ya jamii. Watoto nao wanachanjwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Mwanaume mzima hana kliniki inayomwita. Hata kama alichomwa utotoni, kinga ile hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Kwa hiyo huku kwetu mtu wa kumfikiria kwanza kabla ya mvua za Novemba ni baba mwenye nyumba, na kijana wa kibarua.

Halafu kuna habari ya kutu, kwamba pepopunda huletwa na msumari wenye kutu, nayo imepotosha watu wengi. Kutu yenyewe haina kosa. Ugonjwa huu unaletwa na bakteria ambaye vijimbegu vyake hukaa kwenye udongo na kwenye kinyesi cha wanyama, na vinaweza kukaa humo miaka bila kufa. Samadi tunayotia kwenye matuta ya viazi inavyo, na vumbi la zizini vilevile. Vikiingia mwilini mahali pasipofika hewa, vinaamka na kutengeneza sumu inayoshika neva, misuli ikakaza isiachie. Ndiyo maana jeraha la kuogopa zaidi mara nyingi si lile lililopasuka na kumwaga damu, ni tundu dogo lililochimba ndani: msumari wa kwenye mbao pale Mafinga, ncha ya mwanzi uliokatwa inayomsubiri mgema ulanzi, mwiba uliokatikia kisiginoni, hata pini ya kutolea funza. Linatoka tone moja la damu, mtu anafuta na nyasi, anarudi kwenye tuta.

Mimi niliwahi kukanyaga msumari nikiwa na yeboyebo, nikafurahi kuona unang'aa, hauna kutu. Kilichoniokoa na ujinga wangu ni mke wangu, aliyenisukuma hadi zahanati jioni ile ile.

Sindano inataka hesabu ya kalenda, na hapa ndipo wengi wanachelewa. Mtu mzima ambaye hajawahi kuchanjwa, au hakumbuki, hakingwi na sindano moja. Ya pili inafuata baada ya wiki 4, ya tatu baada ya miezi 6 mingine, ya nne baada ya mwaka, na ya tano baada ya mwaka mwingine. Ukianza mwishoni mwa Septemba, ya pili utaipata mwishoni mwa Oktoba, mvua hazijachanganya. Ya tatu itakukuta mahindi yakianza kukauka. Anayesubiri hadi ajikate ndipo aanze, chanjo hiyo haitamwahi vizuri. Kidonda kikiwa kichafu huenda akahitaji pia sindano ya kingamwili iliyo tayari, yaani kinga inayofanya kazi bila kusubiri mwili utengeneze yake, ambayo haipatikani kila mahali. Piga simu zahanati kabla ya kwenda, uulize chanjo ipo na inatolewa siku gani.

Viatu nataja kwa ufupi: gambuti. Najua zinachemsha miguu, najua kandambili ni nyepesi. Vaa gambuti.

Shambani beba kipande cha sabuni na dumu la maji safi ambalo halikuwahi kutiwa dawa ya viazi. Ukijeruhiwa, acha kazi. Mwagia maji mengi, osha kwa sabuni dakika kadhaa, toa udongo na vijiti unavyoviona, funika kwa kitambaa safi, nenda zahanati siku hiyo hiyo. Kilichokatikia ndani sana usikichokonoe, waachie wao. Spiriti isikupe moyo wa kubaki nyumbani, kwa sababu vijimbegu hivi ni sugu kwake. Majivu, ugoro, unga wa betri na kinyesi cha ng'ombe visiguse kidonda kabisa, wala kitovu cha mtoto mchanga. Wazee wetu walivitumia kwa nia njema, lakini kinyesi cha ng'ombe ni kuuchukua ugonjwa na kuupaka kwa mkono. Hata aliyewahi kuchanjwa aende: kama kidonda ni kichafu na imepita zaidi ya miaka 5 tangu sindano ya mwisho, ataongezewa nyingine.

Dalili huja kati ya siku 3 na 21, mara nyingi baada ya wiki moja hivi, wakati kidonda kimeshakauka na kusahaulika. Mtu anashindwa kufungua kinywa vizuri, tonge la ugali halipiti, watu wanadhani ni jino. Shingo inakuwa ngumu, kisha tumbo linakaza kama ubao, na uso unavutika kama wa mtu anayecheka. Kelele, mwanga au kuguswa tu kunamfanya ashtuke mwili mzima, mgongo ukapinda kwa nyuma. Akili yake iko timamu muda wote, anasikia kila neno na kila maumivu. Mtoto mchanga alikuwa ananyonya vizuri, kisha kuanzia siku ya tatu na kuendelea anashindwa kunyonya.

Jina la ugonjwa huu lina pepo ndani yake, na jina hilo limewapeleka wengi kwa mganga kwanza. Ukiona taya linakaza, peleka mgonjwa hospitali saa hiyo. Usimpanue meno kwa kijiko, usimnyweshe kitu. Mlaze ubavu, msipige kelele, na kama kuna gari msitumie bodaboda, maana kila shimo la barabara litamkaza upya. Hamtaambukizwa kwa kumshika. Na akipona bado atachanjwa, kwa kuwa kuugua pepopunda hakuachi kinga.

Vijana wanaoshuka Mbarali kwa vibarua vya mpunga waende na kadi zao, wasiziache kwa mama. Yangu naiweka pamoja na risiti za mbolea, mahali ninapopekua kila Septemba.