Mahindi yameloa? Yasilale ndani ya gunia

Sisi tunaolima huku Chanika, pembezoni mwa Dar, tunajua: mahindi ya vuli yakichelewa shambani, masika yanayakuta. Sasa guta limeshusha magunia uani na yanachuruzika. Yamwage usiku huohuo. Nafaka mbichi ikirundikwa hupumua na kujipasha joto. Zamisha mkono hadi kiwiko, ukikuta vuguvugu ujue kuvunda kumeshaanza. Tandaza barazani, sebuleni, popote penye paa na hewa. Mzee wa nyumba akinuna, mwache anune.

Ambayo bado yako kwenye magunzi usiyapukuchue kwanza. Punje mbichi hupasuka, na penye ufa ukungu huingia. Menya maganda, yapange kwenye kichanja kilichoinuliwa, chenye paa na pande wazi. Kiwe chembamba, upana wa sentimita 60 hivi, na kikingame upepo. Hapo yatakauka hata siku ambazo jua halionekani, kwa sababu kazi kubwa inafanywa na hewa.

Yaliyokwisha pukuchuliwa ni ya turubai. Kina kisizidi vidole viwili, uyageuze kila baada ya nusu saa. Usiyaanike alfajiri, hewa yetu ya pwani ina unyevunyevu mpaka jua lipande, na mahindi huunywa. Yakusanye kabla ya magharibi, uyaache yapoe ndipo uyafunge.

Kupima, tumia chumvi. Ya Dar wakati wa masika yenyewe imelowa, basi ikaange kidogo kikaangoni, ipoe. Weka mahindi theluthi ya chupa kavu ya glasi, ongeza vijiko vitatu vya chumvi, funika, tikisa dakika moja, iache robo saa. Chumvi ikinata kwenye glasi, unyevu umepita asilimia 15. Isiponata, bado usishangilie: ghalani tunataka 13.5 au chini yake. Ongeza siku ya jua. Mifuko isiyopitisha hewa humkomesha dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi ghalani, vizuri sana, ila ukitia mahindi mabichi humo umeyaozesha kwa gharama.

Sasa yale yenye ukungu. Chambua kwenye ungo, mchana, punje kwa punje: nyeusi, kijani, zilizosinyaa, zote nje. Kuyaosha kunaondoa rangi. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, iliyoingia ndani inabaki, na ugali hauiui hata ukiupika mpaka ukoko. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Kukoboa kunapunguza, lakini sehemu kubwa ya sumu huhamia kwenye pumba, na pumba za mjini zinaishia kwa kuku. Kwa hiyo chambua kabla ya kwenda mashineni.

Uliyoyatoa usimuuzie mfugaji kwa bei ya kutupa, wala yaliyochipua usiyageuze kimea cha pombe. Yafukie mbali na banda, kuku wasije wakayafukua.